Mwalimu Aliyenigeuzia Mgongo

Harufu ya samadi mbichi hunitia woga mpaka leo. Kwetu Pap Onditi, akina mama walisiriba sakafu ya kanisa kila Ijumaa, na Jumamosi asubuhi sisi tulioshindwa kusoma tuliketi juu yake. Mwalimu Anyango, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, alitufundisha bila malipo. Kusaidia watoto kama sisi kulikuwa sehemu ya masomo yake. Nilimpenda mpaka nikawa naiga anavyotembea.

Kisha tukasikia kwamba mkufunzi wake anakuja kumkagua. Watoto wakubwa walisema akikuta hatujui kusoma, Mwalimu atafeli, na hatarudi tena. Nilijipa moyo kwamba ataitwa Achieng', ambaye siku hizo alishaanza kusoma bila kukwama.

Mkufunzi alikuja na tai yake, akaketi benchi la nyuma. Mwalimu akatupitishia macho.

"Atieno, simama usome."

"Mwalimu, mimi bado. Si uite tu Achieng'?"

"Soma polepole. Hakuna mtu anakukimbiza."

Nikaanza. Mvua ilinyesha siku tatu, mto… Nikakwama. Kama kawaida yangu niliinua macho kuutafuta mdomo wake, maana nikikwama alizoea kulitamka neno kimyakimya, nami nikaliokota hapo midomoni. Safari hii akanigeuzia mgongo, akatazama dirishani. Nilijua nimemwaibisha. Machozi yakanilenga.

"Mwalimu, mbona humsaidii mtoto?" mkufunzi akauliza.

"Ngojea kidogo, Mzee," akajibu bila kugeuka, na sauti yake ilitetemeka.

Nikarudi kitabuni, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukimbilia. U. Uka. Ukafu. "Ukafurika!" nikapiga kelele, hata kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika. Mkufunzi akaandika kitu, sikujua nini. Wiki nzima sikula vizuri, mpaka Jumamosi nilipomwona Mwalimu akija na chaki zake.

Kwa miaka mingi niliamini aliniita kwa bahati mbaya, na kwamba aligeuka kwa aibu. Kumbe ujanja wangu wa kuokota maneno midomoni mwake aliujua zamani, na aligeuka ili nisome mwenyewe. Baadaye nami nikaingia chuoni, na siku ya kukaguliwa ikafika. Nikasimama mbele ya watoto, mkufunzi nyuma ameshika kalamu. Hapo ndipo nilipojua ingekuwa rahisi kiasi gani kumwita Achieng'.