Madame na Lutuku ya Kilimani

Siku yangu ya kwanza kwa Profesa sikubebeshwa wavu wala hema. Nilifundishwa kutembea. Alikuwa mkubwa wangu wa tatu. Wa kwanza alikuwa mpima-ardhi, mtu wa kelele. Wa pili mkuu wa kambi kule Mwadingusha, huyo alipenda usingizi, tumwache alale. Profesa alinigeuza uso kwa jua akasema, "Papa Kasongo, kivuli yako ikae nyuma. Ikigusa kipepeo tu, imeenda." Nikacheka moyoni. Mtu mzima, nimetoka Kikula kwa miguu yangu, leo nafundishwa kutembea! Lakini ndivyo kazi ilivyokuwa, ninyi mnaodhani kutafuta vipepeo ni kukimbia na wavu kama wendawazimu.

Shule niliiacha mapema, kwa hiyo naeleza nilivyoshika kwa mikono. Kuna vipepeo wa maua, hao kila mtu huwaona. Wale wakubwa, wenye mikia miwili kwenye mbawa, hawajali maua. Wanapenda kilichooza: ndizi, utomvu wa mti, hata mavi ya fisi, samahani kwa wanaokula. Chambo chao ni ndizi zilizoiva kupita kiasi, zikapondwa na kulowekwa katika lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo. Unakiweka kwenye sahani chini ya mfuko mrefu wa neti uliotundikwa mtini. Kipepeo anakunywa, akiondoka anaruka juu, anabaki ndani. Tunamtazama, tunampiga picha, tunamwachilia. Profesa hakuua.

Mmoja wa hao wenye mikia tulimwita Madame, maana jina alilompa Profesa lilikuwa refu kama treni, na mwenyewe hakuwahi kufika tukimngoja. Miaka yote Profesa alikuwa ameona bawa lake moja tu, limekwama kwenye utando wa buibui. Na macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alimwambia asiyategemee kiangazi kingine. Basi safari ile ya mwisho hakuna aliyetulia. Profesa alifunga na kufungua mfuko wake njia nzima. Mimi nilikuwa nasimama kabla chai haijapoa.

Tulipiga hema karibu na kijito, chini ya kilima. Mpishi wetu, Ilunga, alikuwa ameokoka karibuni, shemasi kabisa, anaimba hata akisonga bukari, ugali wetu. Asubuhi akajitwika bidoni, dumu letu la chambo, tukapanda. Majani makavu yanateleza, mawe yanakimbia chini ya kiatu. Viatu vyangu vilikuwa vya mgodi, vizito, nilivipenda kuliko shemeji zangu. Kileleni nikatundika neti, nikafungua bidoni. Maji.

"Ilunga, chambo iko wapi?"

"Minye nilimwanga chini, papa, nikatia maji."

"Ulimwanga?"

"Ile njo lutuku. Siwezi kubeba shetani kwa kichwa, halafu nigawe Meza ya Bwana."

"Weye, shetani gani anakunywaka na ndizi?"

"Harufu ilikuwa ya baa. Nilimwanga yote, na ndizi, nikaomba."

Profesa hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilizunguka kilele kama mbuzi kwenye kamba. Jua lilikuwa linapanda, na ndizi nyingine hazikuwapo mpaka Likasi. Kisha akauliza:

"Shemasi, ulimwanga fasi gani?"

"Pale chini, kwa mawe, karibu ya maji."

"Kwa jua ao kwa kivuli?"

"Kwa jua, Prof."

Akasimama. "Tushuke."

Alinishika bega, akajikwaa, sikumwambia apunguze mwendo. Ilunga nyuma yetu aliomba kwa sauti, sijui aliomba tuwakute vipepeo ama tusiwakute.

Mawe yalikuwa yamejaa. Vipepeo bega kwa bega kama wanywaji wa siku ya mshahara, mwingine ameanguka ubavu. Nikaweka uso kwa jua, nikanyata. Madame alikuwa pembeni, bawa ni lile lile la kwenye utando, mbawa zimefungwa, amelewa.

"Iko?" Profesa akauliza. Alikuwa anatazama jiwe tupu. Kule juu, Madame akiwa ndani ya neti, macho yale yangeona neti peke yake.

Nikasukuma kidole chini ya miguu ya Madame, mlevi hakatai. Nikamhamishia kwenye kidole cha Profesa. Akamleta kwenye jicho mpaka kope zikakaribia kumgusa. Madame akafungua mbawa: buluu, ile ya moto wa kulehemu. Akanyoosha ulimi wake mrefu, akaanza kunywa jasho la kidole.

"Eh," Profesa akasema. "Eh, Madame."

Ilunga akavua kofia. "Prof, iko muzuri." Kisha haraka: "Lakini minye sikumupa pombe. Nilimwanga tu."

Sasa nimestaafu, na Profesa haoni tena. Kukaa sijui. Wajukuu wananicheka kwa sababu nahamisha kiti uani kutwa, nalifuata jua. Kiangazi kinapoisha Profesa hunipigia simu kutoka Lubumbashi. Haulizi habari za magoti.

"Kasongo, uko unatazama wapi?"

"Kwa jua, Prof."

"Na kivuli?"

"Nyuma."

"Basi kaa vile," anasema. "Anaweza kupita."