Jibu la Mizizi ya Kathiani

Siku yangu ya kwanza maabarani, hapa mjini Machakos, Msimamizi alinipa glavu na panya mweupe. "Mshike taratibu. Akikuuma, kosa ni lako," akasema. Aliniuma.

Kazi yetu ilikuwa kupima miti ya dawa. Mizizi ilikaushwa kivulini, ikasagwa na kulowekwa kwenye spiriti. Spiriti ikishavukizwa, ilibaki gundi nyeusi tuliyoiita dondoo. Panya alidungwa kitu cha kumvimbisha wayo, akanyweshwa dondoo, nasi tukapima uvimbe. Kwa maumivu, tulimweka juu ya sahani yenye joto na kumwondoa mara alipolamba mguu. Akikawia kulamba, dawa imemsaidia. Miaka mingi nilitazama miguu midogo ikivimba na kunywea, hadi nikaiona hata nikifumba macho.

Mzizi tulioupima kwa muda mrefu zaidi tulipewa na Mama Ndinda, mganga wa mitishamba wa Kathiani. Alitaka kitu kimoja tu. "Mkipata jibu, nzuri ama mbaya, mniletee. Mimi mwenyewe nakunywa hii ya kutuliza magoti."

Jibu lilipatikana. Uvimbe ulipungua, lakini panya walionyweshwa dondoo nyingi walikutwa na vidonda tumboni. Nikaomba ruhusa nikamwambie.

"Ripoti kwanza, bwana," Mtafiti Mkuu wa maabara akanijibu. "Kwani wewe ni posta?"

Ripoti ikaenda kwa wakubwa. Mtafiti Mkuu akahamishwa. Aliyemrithi alipenda utafiti wa malaria. Kila nilipouliza niliambiwa nisubiri, hadi nikastaafu. Sikuwa tena na wa kumwomba ruhusa, nikapanda matatu hadi Kathiani.

Mama Ndinda alikuwa akichambua maharagwe. Nikamweleza yote.

"Aiya! Ndio maana tumbo inachoma," akasema. "Lakini nikiacha, hii magoti haitanifikisha shamba. Sasa nipunguze kiasi gani?"

"Sijui, mwaitu, mama yangu. Tulipima panya tu. Usinywe tena mpaka hospitali waangalie hilo tumbo."

Akacheka, mkono ukiwa tumboni. "Panya wamepata jibu yao. Yangu iko wapi?"

Kesho yake nilimpeleka hospitali, tukakaa kwenye foleni.

Vijana wa maabara huniuliza utafiti ule ulifika wapi. Huwaambia ulifika Kathiani, umechelewa, na hakuna aliyejua kipimo cha mtu.