Sauti Nyembamba Mbele ya Baba

Miaka ile ya arobaini, kwetu Chonyonyo, baba alipenda kuketi jioni na nanga yake, ala ya muziki ya kwetu, mapajani, akizidonoa nyuzi zake polepole. Nami nilifumba macho. Manyunyu yalipiga majani ya migomba, ng'ombe wakaitana, mama akacheka jikoni, na sikio langu likaipokea kila sauti na kuiweka mahali pake bila kuzichanganya. Kichwa kilifanyaje kazi hiyo nami nimekwisha kusinzia? Ilikuwa raha tupu.

Raha hiyo iliingia doa nilipoposwa. Baba aliniuliza mbele ya shangazi kama namtaka mchumba aliyetoka Kamuli. Nikajibu simtaki, kwa sauti yangu hii ambayo kaka zangu waliiita ya kifaranga. Baba akatabasamu, akasema nimekubali, maana msichana akinyamaza ameridhika. Shangazi alinisikia vizuri sana, lakini mchumba alikuwa chaguo lake, akanikata jicho. Nilimchukia baba. Niliona amenidharau.

Basi jioni moja, karibu na siku ya mahari, nikasikia nanga ina kasoro. Nyuzi za sauti nzito zilikaa sawasawa. Zile nyembamba zimelegea, zinalia ovyo, naye anapiga ametulia kabisa. Ngoma ya kanisani aliisikia kutoka mbali, lakini vifaranga wakipiga kelele miguuni pake, nusura awakanyage. Chuki yote ikaniyeyuka.

Baadaye sana mganga wa misheni alinieleza kuwa ndani ya sikio mna njia iliyojiviringa kama konokono. Sauti nyembamba hupokelewa mlangoni, nzito huenda mpaka ndani, na ubongo huzitambua kwa mahali zilipopokelewa. Uzee huanzia mlangoni. Nikazikumbuka nyasi tulizotandika sakafuni, zilivyochakaa kizingitini kwanza.

Jioni ile sikujua hayo. Nilimsogelea tu, nikaishusha sauti mpaka kifuani, kama kaka zangu wakiita ng'ombe.

"Baba, yule mwanamume simtaki."

Mkono wake ukasimama juu ya nyuzi.

"Mbona hukusema nilipokuuliza, mwanangu?"

"Nilisema, baba."

Kesho yake posa ilirudishwa, shangazi akanuna mpaka mavuno. Lakini jioni ile ile ya nanga, baba aliiweka chini, akanitazama kwa woga ambao sikuwahi kuuona usoni pake, akaniuliza ni mangapi mengine niliyokwisha kumwambia.