Samaki Aliyepanda Mkoko

Nilipokuwa mtoto kule Lushoto, samaki hakuingia nyumbani kwetu. Bibi, mama yake baba, alimwita nyoka wa maji. Alisema wazee wa zamani walimfukuza mlimani, na siku atakapojua kupanda tena, nyumba yetu itakwisha. Niliamini, na hadi leo tumbo langu linaamini.

Kisha shangazi akaolewa na mwalimu aliyepelekwa kijiji cha ujamaa pwani, akajifungua mtoto wa kiume. Mimi na bibi tukashuka kwa basi kwenda kumwona.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na maji ya chumvi yaliyojifungia katikati ya mikoko. Shangazi alitupeleka huko kwa fahari, akatuonyesha korongo weupe na kaa wenye gando moja jekundu. Mimi niliona matope meusi, yananuka mayai viza, yakinipenya kwenye vidole vya miguu. Konokono walikuwa wamejazana kwenye mizizi, wakiteleza juu ya ute wao wenyewe.

Ndipo kitu chenye macho ya chura kikatoka majini, kikajikokota kwa mapezi, kikapanda mzizi wa mkoko na kutukodolea macho.

"Nini hicho?" bibi akauliza.

"Samaki tu, mama. Wa hapa hupanda."

Nilitapika palepale. Bibi akageuka, akarudi nyumbani.

Tulipomfuata, shangazi alisugua mikono yake, iliyokuwa ikipara samaki kila siku, kwa mchanga, kwa sabuni, kwa ndimu, kisha akamnyanyua mtoto. "Mpokee mjukuu wako, mama."

"Mikono yako inanuka," bibi akasema. Akanigeukia mimi. "Vaa viatu, twende zetu."

Shangazi alibaki mlangoni, mtoto begani, akinusa kiganja chake. Bibi alifariki bila kumpakata yule mtoto.

Sasa samaki wamepanda. Wanauzwa sokoni Lushoto, na anayewaleta kutoka Tanga ni yuleyule mtoto, siku hizi mtu mzima mwenye ndevu. Bibi alisema kweli kwamba nyumba yetu itakwisha, ila samaki hawakuhusika. Tuliimaliza sisi, kwa kinyaa chetu.

Binamu yangu akipita kwangu hufuta mikono kwenye suruali kabla ya kusema, "Shikamoo, dada." Ile harufu inanipanda kooni, natamani kukimbilia nje. Naushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, na siuachi mpaka amalize kunijulia hali.