Marobota Matatu ya Evelio

Nereida Cabrales alikuwa na vidole vifupi, vinene, vya mtu wa kukanda unga, na ukikutana naye barabarani usingemdhania chochote. Lakini mpe kile kisu chetu bapa kisicho na mpini, tunachokiita chaveta, mwekee mbele majani ya tumbaku yenye unyevu wake, halafu nyamaza utazame. Mimi nimekaa pembeni yake miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha biri pale Pinar del Río, na miaka yote hiyo sikuizoea kazi ya mikono ile. Na mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Waulize wenzangu, watakwambia Migdalia Urquiola hata malaika akimshukia atamuuliza kwanza ametumwa na nani.

Nereida alikuwa akitoka shambani kwao, upande wa San Luis, kila alfajiri kwa lori la wafanyakazi. Mumewe, Evelio, alikuwa mkulima wa tumbaku. Mume analima, mke anasokota, na jioni wakikutana ni kulaumiana. "Majani yako ya mwaka huu magumu kama soli ya kiatu," mke atasema. "Majani hayana neno, ni mikono yako imezeeka," mume atajibu. Basi hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, na nimeona ndoa zenye maneno matamu zikivunjika huku hiyo yao ikidumu.

Evelio alifariki ghafla, miezi mitatu baada ya mavuno yaliyokuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuyapata. Nereida alikosa kazi siku nne tu. Siku ya tano alikaa kwenye kiti chake, akafunga aproni, akasokota. Hakulia mbele yetu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, nikabaki na maneno yangu mdomoni.

Ikapita miaka saba.

Sasa, kiwandani kwetu tuna msomaji. Grisel anapanda kwenye jukwaa lake kila asubuhi, anatusomea magazeti, na mchana anatusomea hadithi, ili mikono ikifanya kazi masikio yasikae bure. Asubuhi moja alisoma habari kutoka jarida la nje. Lilizungumzia toleo maalumu la biri litakalotoka mwaka ule, masanduku yenye namba, majani yaliyolazwa miaka saba, na likiisha limekwisha, halitengenezwi tena. Halafu akasoma bei. Biri moja, moja tu, kwa mshahara wetu wa miezi minne.

Ukumbi mzima ulicheka mpaka vumbi la tumbaku likapaa.

"Hiyo ukiivuta inakupikia na chakula?" nikauliza.

"Inakufulia na nguo," mtu akajibu kutoka nyuma.

"Basi nitaolewa nayo kabisa," nikasema. Hata Nereida alicheka.

Mimi msimamo wangu ulikuwa mmoja, na niliusema kwa sauti: huo ni wizi wa mchana. Jani ni jani, moto ni moto, na majivu ya tajiri hayana rangi tofauti na ya kwangu. Anayetoa pesa zile ananunua kile kipete cha karatasi kinachovishwa biri, chenye maandishi ya dhahabu.

Wiki mbili baadaye tukaambiwa toleo lile litasokotwa kwetu. Yakaletwa marobota ya majani, yamefungwa kwa magamba ya mnazi-mwitu kama ilivyo desturi, na kila robota lina kibandiko chake cha shamba na mwaka. Wakayapitisha katikati ya ukumbi. Nereida alikuwa na biri mkononi, ameisokota nusu. Sijawahi kumwona akiacha biri nusu. Siku ile aliiweka chini, akainuka, akaenda akainama kwenye kibandiko cha robota moja, kisha la pili, kisha la tatu.

Alirudi akakaa. "Ya Evelio," akaniambia. "Ni yale ya mwisho."

Kwa toleo lile walitakiwa wasokotaji wanne tu. Nereida akamwendea Bwana Olegario, mkuu wa ukumbi, mtu wa haki lakini mkavu kama biskuti ya jana. Katika miaka yake yote pale Nereida hakuwahi kuomba kitu, hata likizo alikuwa anakumbushwa.

"Huhitaji kuomba, Nereida, jina lako nilishaliandika," Olegario akamwambia. "Ila sheria unaijua. Wiki ya kwanza waonjaji wataonja kazi ya kila mmoja. Atakayeanguka anarudi meza ya kawaida, hata angekuwa mama yangu."

Na kurudi meza ya kawaida maana yake ilikuwa mtu mwingine atayasokota majani ya Evelio mpaka yaishe, na hakuna mengine tena duniani. Hilo sote tulilijua.

Walipolifungua robota la kwanza mimi nilikuwa nimesimama karibu, nimejiwekea uso wangu wa dharau. Harufu ilipotoka, uso ule sijui ulikwenda wapi. Nimezaliwa ndani ya tumbaku, mama yangu alinilaza kwenye kikapu chini ya meza ya kuchambulia majani, lakini sikuwahi kukutana na kitu kile. Majani yalikuwa ya rangi ya kahawa iliyoiva, yananyooka mkononi kama kitambaa cha hariri, na ile harufu ilikuwa tulivu, imeshamaliza ugomvi wake wote. Watu walianza kunong'ona kama wako kanisani.

Nereida akaanza kusokota. Jani la juu kabisa la mche, lenye nguvu, linakaa katikati, nusu jani tu, ndicho kipimo. Linazungukwa na majani mepesi, yanakunjwa taratibu ili hewa ipate vijia vya kupita, kisha linakuja jani la kufungia, na mwisho jani la nje, nyororo, lisilo na kovu. Alikuwa akifanya vile vile kama siku zote, au ndivyo nilivyodhani. Kabla ya jani la nje, kila fungu, yaani biri isiyovikwa bado, hupimwa kwenye mashine ya kuvuta hewa. Mafungu ya wenzake watatu, sindano ilisimama katikati. Kwa mafungu ya Nereida ilisimama mpakani, upande wa kuziba. Inapita, lakini mpakani. Siku ya kwanza nikasema ni mashine. Siku ya pili nikamtazama mikono, nikaona anakaza.

"Shoga, legeza kidogo," nikamwambia.

"Wewe utanifundisha mimi kusokota?"

Mwenye macho haambiwi tazama, nikajiambia, ataona mwenyewe.

Hakuona. Na kwa bahati yangu mbaya mimi pia ni mmoja wa waonjaji wa kiwanda. Alhamisi asubuhi tukaingia chumbani, watu sita, kila mmoja na kijichumba chake, kikombe cha chai isiyo na sukari na karatasi ya alama. Biri hazina vipete, zina namba tu. Unavuta theluthi ya kwanza, unaandika, unaiacha.

Namba mbili nilijua ni ya nani kabla sijaiwasha. Kile kikofia kidogo kichwani mwa biri, ni Nereida peke yake anayekilaza vile, hata ukikipapasa huoni kilipoanzia.

Nikaiwasha. Ilinibidi nivute kwa nguvu mpaka mashavu yakaingia ndani. Ilikuwa imeziba, hilo halina mjadala. Lakini ule moshi mchache uliofika mdomoni, jamani. Kwanza ilikuja kahawa, kisha asali iliyoungua kidogo, na baadaye, nilipokuwa nimeshautoa moshi wote, ukabaki ule udongo mwekundu wa San Luis ukinyeshewa mvua ya kwanza. Nilikaa na ile biri nimesahau kuandika. Machozi yalinitoka na sikuona haya. Mimi, niliyesema jani ni jani.

Basi nikaishika kalamu, nikauangalia mstari wa kwanza wa karatasi, ulioandikwa "mvuto." Ningeweza kudanganya. Alama moja tu ya uongo na rafiki yangu angebaki na majani ya mumewe. Nikawaza mtu huko mbali, amelipa pesa za kichaa, ameiwasha siku ya harusi ya binti yake, anavuta, moshi hauji. Huyo sikumhurumia sana. Niliyemhurumia ni Evelio, jani lake lote lile limefungiwa ndani na haliwezi kutoka. Nikaandika ukweli. Mvuto: imeziba. Ladha: alama zote, na chini yake nikaongeza neno ambalo halitakiwi kwenye karatasi ile, nikaandika "sijawahi."

Kilichobaki cha biri hutupwa. Mimi nilikifunga kwenye leso nikakitia mfukoni, kinyume cha sheria, na kama Olegario anasoma haya basi ajue ndiyo hivyo.

Wenzangu wanne nao waliandika kama mimi. Kabla ya saa ya chakula Olegario alimwita Nereida, akamwambia kesho arudi meza ya kawaida. Nilimkuta uani, sahani ya wali na maharage meusi mapajani, hajaigusa.

"Uliandika nini?" akaniuliza.

"Imeziba."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nitukane tu. Ukimaliza, vuta hii." Nikamfungulia leso. "Ni namba mbili. Ni yako."

Ujue, sisi tunapewa biri za kuvuta kila siku, zile zenye kasoro, lakini za toleo lile ukiacha sisi waonjaji, hakuna msokotaji aliyewahi kuzitia mdomoni. Akaiwasha kwa kiberiti changu. Akavuta, mashavu yakaingia. Akavuta tena. Kisha akatulia kabisa, moshi unamtoka puani kidogo kidogo.

"Imeziba," akasema mwishowe.

"Imeziba, shoga."

"Evelio hakuionja hii." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. "Alipolivuna jani hili lilikuwa linakwangua koo. Alijisokotea moja, akakohoa mpaka akakaa chini, akasema liacheni lilale, litakuja kuwa kitu. Hakujua litakuwa kitu gani." Akanigeukia. "Haya, wewe unayejua bei za vitu. Hii ni bei gani?"

Nimeshalifikiria sana swali lile. Anayeuza bado namwona mwizi, hilo sikubadilisha, kwa sababu anauza asichokilima. Lakini anayenunua nimeacha kumcheka. Pengine ni mtu pekee huko nje anayekaribia kujua kilicholala ndani ya lile jani, na hata yeye anakaribia tu.

Nereida alitoa chaveta kwenye aproni, akasubiri biri izime yenyewe, maana biri haikandamizwi, kisha akaipasua kwa urefu juu ya leso yangu. Akayatenganisha majani kwa ncha ya kidole. Katikati, mahali pa nusu jani la juu, palikuwa na jani zima.

"Nilikuwa naazima kwenye mgao wa majani wa kesho yake," akasema. "Kila nikishika nusu, naona nimemnyima."

Alilia hapo, miaka saba baadaye, juu ya wali uliopoa. Nilimshika bega. Alipomaliza alijifuta kwa aproni, akaenda moja kwa moja kwa Olegario.

"Nipe mafungu matano," akamwambia. "Leo hii, mbele ya watu wote. Sindano ikifika mpakani hata mara moja, narudi mwenyewe bila kusindikizwa."

Olegario alijikuna kidevu. "Matano," akasema. "Leteni mashine."

Wakaileta mpaka mezani kwake. Grisel aliacha kusoma katikati ya sentensi, jambo asilolifanya hata paa likivuja. Fungu la kwanza, sindano ikasimama katikati. La pili vivyo hivyo. La tatu, la nne. Watu walikuwa wamepanda juu ya viti nyuma yangu.

La tano, mkono wake ukaenda kwenye majani ya juu ukachukua jani, akaliweka juu ya mepesi, zima. Nilimwona. Olegario naye alimwona. Nereida alilipapasa kwa kidole gumba mpaka nchani. Halafu akalichana katikati taratibu, akairudisha nusu moja ilikotoka, akaikunja ile nyingine ndani, akafunga.

Sindano ikapanda, ikasimama pale pale inapotakiwa.

Wasokotaji hatupigi makofi. Tunagonga ubao wa meza kwa ubapa wa chaveta, na siku ile ziligongwa chaveta zote za ukumbi kwa pamoja, mpaka walinzi wa getini wakaingia kuuliza kuna nini. Nereida hakuwatazama. Alilichukua lile fungu la tano kabla ya jani la nje, akaliweka mdomoni bila moto, akavuta hewa tupu kupitia ndani yake. Ikapita.

"Nimemwachilia Evelio," akaniambia kwa sauti ndogo.

"Haya," nikamwambia, "sokota." Naye akavuta jani jingine karibu, maana robota la kwanza lilikuwa halijafika hata nusu.