Makomeo Sita ya Mama Randa

Katika kiwanda kimoja cha kushona glavu za kazi palikuwa na seremala mmoja tu, naye alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane. Watu walimwita Mama Randa, kwa ajili ya randa ya kulainishia mbao aliyoirithi kwa baba yake, ambayo hakukubali mkono wa mtu mwingine uiguse. Baba huyo, Mola amrehemu, alimfunza asilale na msumeno butu, wala asiondoke penye kazi kabla ya kuiandika.

Kila kazi kiwandani hapo ilikuwa na kadi ya nakala tatu: ya meneja, ya stoo, na ya tatu ilitumbukizwa katika sanduku jekundu pale getini, ambalo ufunguo wake walikuwa nao wakaguzi wa kampuni iliyonunua glavu hizo. Mafundi wengine waliandika "tayari" wakatia sahihi. Mama Randa alijaza kadi hadi pembezoni, hata mtunza stoo akawa anamtania.

"Shangazi, hii ni kadi au wasia?"

"Wasia huandika anayeaga dunia, mwanangu. Mimi bado nina kazi nayo."

Asubuhi moja meneja alimwita. Ofisini alimkuta pia wakala, bwana wa manukato makali, ambaye ndiye aliyewaleta kiwandani wasichana thelathini kutoka mbali na kuwalaza katika bweni la vyumba sita nyuma ya karakana.

"Mama, leo utaweka makomeo bwenini, vyumba vyote," alisema meneja. "Kwa nje."

"Kwa nje?"

"Usalama tu. Wezi wamezidi."

"Sasa mwizi huyo, baba, yuko nje au yuko ndani? Maana komeo la nje humfungulia aliye nje na kumfungia aliye ndani."

Wakala alicheka puani. "Bibi, wewe ni mtu wa misumari. Maswali tuachie sisi."

"Komeo hufungwa kwa skrubu," alijibu Mama Randa, akabeba mkoba wake akatoka.

Bwenini aliwakuta wasichana wa zamu ya mchana wakipumzika. Mmoja wao, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni, ambaye wenzake walimwita Mnara, aliyatazama makomeo yale akanyong'onyea.

"Kumbe ni kweli. Mnatufungia."

"Kwa kosa gani?"

"Wawili wetu walitaka kurudi kwao. Wakala akasema haondoki mtu mpaka mwaka uishe. Pasi zetu za kusafiria anazo yeye. Tukiziomba, anasema anatutunzia. Juzi mmoja akaruka ukuta, akarudishwa." Mnara aliligusa komeo moja. "Mama, na moto ukizuka tumefungiwa humu?"

Mama Randa aliketi ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa imebaki miaka miwili tu astaafu, na nyumbani alikuwa na binti mjamzito aliyemtegemea yeye. Akayapima hayo moyoni, akaona kwamba hata yakiwekwa yote pamoja hayatoshi kumfanya amfungie mja wa Mwenyezi Mungu kama kuku bandani. Akapiga moyo konde, akamtaja Mola wake, akashika bisibisi. Ilipofika adhuhuri, makomeo yote sita yalikuwa yamekaa mahali pake, imara, kwa ndani.

Kisha akaandika: "Nimeagizwa kuweka makomeo nje ya vyumba wanamolala watu. Nimekataa, nimeyaweka ndani. Moto ungezuka, wangeteketea huku wakigonga. Wanasema pasi zao zimeshikwa na wakala, muulizeni. Mungu amewaumba huru, nami sina skrubu ya kulipinga hilo."

Meneja alipoisoma kadi, mishipa ilimsimama. "Umegeuza amri yangu!"

"Mlango wa chumba cha kulala hufungwa na anayelala humo."

"Ichane kadi hii!"

"Hiyo ni yako, ichane ukipenda. Ya tatu imeshaingia sandukuni."

"Basi unga wako umemwagika, mama. Nenda nyumbani mpaka tukuite."

Wakala alinyoosha mkono. "Nipe bisibisi. Nitayahamisha mwenyewe."

"Bisibisi ni yangu, na wewe hata kuishika hujui."

Wakala alikwenda stoo kuomba nyingine. Mtunza stoo, kwa adabu kubwa, alimsogezea kadi tupu: "Andika tu, mheshimiwa, unayahamisha kutoka wapi kwenda wapi, na kwa nini. Sahihi hapa chini." Wakala aliitazama ile karatasi, akaondoka mikono mitupu.

Nyumbani, binti alilalama. "Mama, si ungefumba macho tu?"

"Nimeyafumba kwa mengi, mwanangu. Kwa hili yamekataa kufumba."

Siku ya nne wakaguzi walifungua sanduku. Walimfuata Mama Randa kwake, wakaongozana naye hadi kiwandani. Wakala alipopata habari kwamba wamefika getini, alitangulia mbio bwenini ili awafunze wasichana la kujibu. Wote walikuwa wamejikusanya chumba cha kwanza, na mlango umefungwa.

"Fungueni upesi!"

"Nani?"

"Mimi!"

"Wewe nani?"

"Wakala!"

"Subiri, tunavaa," ilisema sauti ya Mnara, na ndani kicheko kikazuka.

"Sikilizeni basi! Mkiulizwa, semeni pasi mnazo wenyewe!"

"Hatusikii. Paza sauti!"

Wakala alivuta pumzi, akanguruma: "Semeni pasi mnazo wenyewe! Atakayetaja kwamba ninazo mimi atanitambua!"

Alipogeuka, wakaguzi walikuwa hatua tatu nyuma yake, na Mama Randa pamoja nao, mkoba wa zana begani.

Komeo likavutwa. Mnara aliinama akapita mlangoni, akasimama wima mbele ya wakala, akakunjua kiganja.

"Pasi yangu."

Wakala aliwatazama wakaguzi, akaanza kueleza kuhusu usalama.

"Nimesema pasi yangu," alirudia Mnara, na nyuma yake mikono mingine ikanyooshwa.