Kaburi Nililomuonyesha Mama

Kwetu Ngungu hatuwekaki musalaba wa mbao ku kaburi. Wakimbizi wanapita, baridi inawapiga, wanaupasua kuni, na mimi siwalaumu. Tunapandaka tawi la ule muti wa mipaka ya mashamba. Linashika haraka na hakuna mutu atathubutu kulikata.

Mudogo yangu alikufa na homa, hata masomo alikuwa hajaanza. Mama alikuwa mugonjwa, hakufika ku mazishi. Mimi njo nilipanda tawi. Kisha siku tatu, vita ikatufukuza mpaka Bweremana.

Tuliporudia, miaka ilikuwa imepita. Nyuma yetu wakimbizi wengine walikaa pale, wakazika watu wao. Loo! Kilima kizima kilikuwa miti ile ile, na mashamba yalikuwa yameingia mpaka katikati ya makaburi. Mama akaniuliza: «Iko wapi?» Nikazunguka mara mbili, kichwa iko tupu. Nikaona haya. Nikagusa muti mumoja: «Njo huu, mama.» Mungu anisamehe.

Tangu hapo, kila Jumamosi mama alifyeka pale na kumuongelesha mutoto wake. Alimupasha habari ya maharagi, ya arusi, ya mbuzi aliyezaa mapacha. Mimi nilisimama nyuma yake. Watu wanasemaka njia ya muongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu.

Mwaka jana, Jumamosi moja tukiwa pale, mama mumoja akatoka Walikale. Akapanda kilima bila kuuliza mutu, akapiga magoti ku ule muti wetu, akachimba kwa vidole. Akatoa sahani ndogo ya bati, ya buluu. «Ni ya mutoto wangu,» akasema. «Niliiweka hapa nisimupoteze.»

Mama yangu akaangalia sahani, kisha akaniangalia mimi. Tulipofika nyumbani, akasema:

«Haya. Sasa nionyeshe kaburi ya kweli.»

«Siijue, mama.»

Hakunipigia kelele. Afazali angenipiga! Jumamosi iliyofuata alichukua panga, akaenda kufyeka pale pale.

Mbele ya kufa alisema: «Munizike karibu na ule mutoto wa Walikale. Yeye angalau amenizoea.» Tukamuzika pale. Tawi lake nililipanda mimi.

Shamba langu linapakana na makaburi. Jembe likigonga kitu kigumu, ninaita mudogo yangu kwa jina, ninafukua kwa mikono. Kila mara iko jiwe tu.